Chini ya Kikombe cha Luhaga

Pale Ngulyati hakuna aliyekuwa anashika plau ya ng'ombe kama Luhaga, mtoto wa Pelagia. Mistari yake ya pamba ilinyooka mpaka wapita njia wanasimama kuangalia.

Halafu akaanza kusikia sauti. Anagombana na watu wasioonekana, usingizi hapati. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa akili, wakampa vidonge. Akapata nafuu. Siku moja akavitupa vyote chooni.

"Sinywi tena."

Sauti zikarudi.

"Mfunge kamba, dada," akasema mjomba Anatoli. "Huyu atatuulia mtu."

Pelagia hakutaka mwanawe afungwe kama ndama. Akaenda kuchukua vidonge vingine. Akawa anavisaga kwa siri, anavikoroga kwenye uji wa mtama, anajaza sukari.

Siku ya nne Luhaga akamaliza uji, akachungulia kikombe. Chini kulikuwa na unga mweupe.

"Mama, hiki nini?"

"Sukari, baba."

Akalamba kidole. "Sukari gani chungu?" Akaweka kikombe chini taratibu. "Sauti ziliniambia unaniwekea sumu. Nikazibishia. Nikasema, siyo mama yangu."

Kuanzia hapo hakugusa chakula cha nyumbani. Akawa anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kujichotea maji kisimani mwenyewe. Wiki haijaisha, suruali ikawa inamvuka.

Akaja Martha, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Pelagia akaanza kulia, akaeleza yote. "Nilitaka apone tu."

"Najua, mayu. Lakini mtu anaogopa sumu, na wewe unamfichia dawa kwenye uji. Si umemthibitishia? Tena vidonge vingine havifai kusagwa. Mlishawahi kumuuliza kwa nini hataki?"

Pelagia akajaribu kukumbuka. Walikuwa wamemwombea, wamemgombeza, wamemtisha. Kumuuliza, hapana.

Luhaga alikuwa amekaa kando ya zizi. Wakakaa chini, mbali kidogo naye.

"Mwanangu," akasema Pelagia, "ilikuwa dawa. Nilikudanganya. Nisamehe. Sirudii."

Luhaga akaendelea kuangalia ng'ombe.

"Hizo sauti mimi sizisikii," akasema Martha, "ila najua wewe unazisikia, na zinakuchosha. Zile dawa zilikufanyaje?"

Akanyoosha mikono. "Ilikuwa inatetemeka. Nalala mpaka saa sita. Plau inanitoka, mstari unapinda. Watoto wakaniita babu."

"Mbona hukusema?" akauliza mama yake.

"Nani aliniuliza?"

Martha akasema, "Hayo ni maudhi ya dawa. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha. Kuna hata sindano, wengine wanachoma mara moja kwa mwezi. Twende ukamweleze."

"Sitaki."

"Sawa. Nitakuja tena."

Pembeni akamwambia Pelagia, "Usimfunge, usibishane na sauti zake. Lakini akigoma hata maji, au akitaka kujidhuru au kudhuru mtu, usisubiri. Nipigie, tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo."

Pelagia akahamishia jiko uani. Kila asubuhi anapika uji Luhaga akiona, anakunywa yeye kwanza, kikombe hicho hicho, halafu anakiweka karibu naye. Siku ya kwanza kikapoa. Ya pili kikanywewa na kuku. Ya tatu Luhaga akakichukua.

Baada ya wiki akasema, "Twende. Ila nitaongea mwenyewe."

Akaongea mwenyewe. Daktari akamsikiliza, akambadilishia dawa, akamwambia asiache ghafla, ikimsumbua arudi. Haikuwa kazi ya siku moja. Asubuhi nyingine alikataa, Pelagia akakaa naye tu mpaka akaongea. Lakini sauti zikapungua, na mikono ikatulia.

Mvua za kwanza zikanyesha. Luhaga akafunga ng'ombe kwenye plau. Mstari wa kwanza ulipinda, wa pili pia. Wa tano ukanyooka. Anatoli alikuwa amesimama njiani, anauangalia.

Asubuhi iliyofuata Luhaga akaweka kidonge kwenye kiganja chake, mama yake akiona.

"Mama, leta uji."

Akakimeza, akanywa uji wote, akamrudishia mama yake kikombe.

"Angalia chini," akasema. "Hakuna kitu."