Povu la Mheshimiwa Meya

Kila asubuhi, Hajarah, kiranja wa usafi katika shule moja ya Walukuba, alilijaza tangi la kunawia mikono kwa jerikeni kumi. Siku hiyo alimimina mbili tu, akakimbilia mazoezi ya ngoma, maana Meya wa Jinja alikuwa anakuja kuzindua choo kipya.

"Hajarah, tangi limejaa?" akauliza mwalimu mkuu, Madam Naigaga.

"Pomoni, Madam!"

Kumbe wenzake walikuwa wamekula fenesi. Wakanawa ulimbo mikononi, tangi likakauka kau.

Meya Isabirye akafika na joho jekundu na mkufu mzito shingoni. Zamani alikuwa wakili kule Mbale, wa kumhoji shahidi mpaka atokwe jasho. Kisha akaingia siasa, na sasa kazi yake kubwa ni kukata utepe. Basi akaukata. Akaingia chooni, akatoka, akajipaka sabuni mpaka viwikoni huku watu wakishangilia. Akafungua bomba.

Kwii! Hewa tupu.

Akainama kuchungulia, mkufu ukamning'inia puani, na povu likamtiririkia ndani ya joho.

"Fundi Obura!" Madam akafoka. "Umetufungia bomba bovu! Kazi hapa usahau!"

"Haki ya Mungu, Madam, bomba ni zima! Watoto wangu kule Busia wanakula kwa kazi hii."

"Taratibu," akasema Meya. "Tumwulize shahidi." Akaligonga tangi kwa kiwiko. Ngoo! "Shahidi hana kitu tumboni. Nani hulijaza?"

Hajarah akamtazama fundi, aliyekuwa akiisokota kofia yake kama nguo ya kukamuliwa. Akapiga hatua mbele.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Nilimimina jerikeni mbili, nikasema pomoni. Fundi hana kosa."

Mara Jaja Nusifa, bibi yake Hajarah, akaita kutoka walipoketi wazazi: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Tumbo kubwa, sauti kubwa, ndani hamna kitu!"

"Tangi!" wakaitikia watoto.

"Meya!" akadakia mzee mmoja.

Aliyecheka zaidi ni Meya mwenyewe, povu likaruka.

"Kule Mbale," akasema, "wakubwa wenye suti walinizungusha miaka mitatu kabla ya kusema 'ni mimi.' Huyu dakika tatu tu. Mwanangu, uvivu wako ulimwaga sabuni yangu. Uongo wako nusura umwage unga wa fundi. Kosa likisemwa mapema, hubebeka."

Madam akamwomba fundi radhi.

"Na adhabu yangu, Mheshimiwa?" akauliza Hajarah.

"Zimebaki jerikeni nane. Nne zako, nne zangu. Hata mimi nimechoka kukata utepe tu. Jaja, nifungie hili joho kiunoni."

Wakashika njia ya kisimani, povu likidondoka nyuma yao.