Marahaba ya Ng'ambo ya Mto

Bernadeta aliitikia kabla hajatazama, na balaa lote lilianzia hapo.

Alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya mto, ananawa miguu, jua linashuka nyuma ya mlima, na moyo umemjaa dharau kama kawaida yake. Akina mama wa umoja wa kanisa lao la Nyakato walikuwa wamekuja kupiga kambi ya maombi katika msitu huu wa mlimani, ng'ambo ya daraja la Busisi, na tangu wafike Bernadeta, mwenyekiti wao, hakuona jambo hata moja la maana. Mahema yamesimama upande kama walevi. Kuni mbichi. Wali una ukoko juu na chini. Na huyo Odeta, muuza dagaa wa soko la Mwaloni, eti ndiye aliyepangiwa kulala naye hema moja! Mwanamke ambaye hata akisali, malaika lazima wazibe pua.

"Shikamoo, mama," sauti ilisema kutoka ng'ambo.

Sauti ndogo, yenye adabu. Bernadeta hakunyanyua hata kichwa. "Marahaba, mwanangu," alijibu, tena kwa nguvu, ili wale waliokuwa wanaosha vyombo pale juu wasikie namna mtu mkubwa anavyosalimiwa.

Ndipo akatazama. Ng'ambo hapakuwa na ukingo. Palikuwa na jabali tupu lililosimama wima kutoka majini mpaka kwenye miti, ambalo hata mjusi angeliteleza.

"Mama mwenyekiti," Odeta alinong'ona, ameshuka kutoka kwenye vyombo na sufuria mkononi. "Umemwitikia nani?"

"Mtoto wa watu. Au ulitaka nimnyamazie, kama mnavyonyamaziana huko sokoni kwenu?"

"Pale hakuna pa kusimama mtu, mama."

"Basi kasimama hewani. Osha sufuria."

Lakini moyoni alijua. Alizaliwa Magu, na bibi yake alimkanya angali mdogo: ukiwa porini jua likizama, usipokee salamu ya mtu usiyemwona uso. Anayepokea shikamoo amekubali ukubwa, na mkubwa ana wajibu. Ukishamwita mwanangu, umemzaa. Bernadeta alikuwa ameyaacha maneno hayo Magu pamoja na kandambili zake, akayaita ushamba, na leo asingeyaokota mbele ya muuza dagaa.

Maombi ya jioni aliongoza yeye. Aliomba kwa sauti ya kukaripia, kana kwamba Mungu naye ni mwanachama aliyechelewa kikao. Alipomaliza, wote wakasema, "Amina."

Halafu kutoka mtoni ikaja moja iliyochelewa, peke yake, taratibu.

"Amina."

Hakuna aliyecheka. Harufu ilipanda kutoka majini, harufu ya tope lililofukuliwa na maziwa yaliyochacha, kama kitoto kichanga kisichoogeshwa, ikaingia kwenye mahema na kwenye mablanketi. Odeta akajifunika gubigubi. "Mama," alisema humo ndani, "hiki kitu kinanuka kama kilichozaliwa leo."

"Harufu yako inatosha," Bernadeta alimjibu. "Lala."

Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika kambi. Winnie, binti yake wa pekee, mtoto wa darasa la tatu ambaye alimleta kwa sababu hakumwamini jirani yeyote kubaki naye, alitoka hemani akiwa amevaa sweta nje ndani. Akapiga goti kidogo, kwa heshima ya mbali.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Ndiyo utani gani huo, Winnie?"

"Namtafuta mama yangu. Hujamwona?"

Bernadeta alinyanyua mkono ampige kibao, akauona uso wa mtoto, mkono ukabaki juu. Hapakuwa na utani pale. Winnie alikuwa anamtazama kama mtu anavyomtazama abiria asiyemjua pale stendi ya Buzuruga.

"Mama!" sauti ya Winnie iliita kutoka mtoni, na midomo ya Winnie ilikuwa imefungwa. "Mama, mimi nipo huku!"

Mtoto akageuka akaanza kuelekea majini, na Bernadeta alipomkamata alipiga kelele za mtu aliyeshikwa na mgeni, "Simjui huyu! Simjui!", na akina mama wakaja wakikimbia, wengine wanakemea, wengine wanalia, wengine wananena kwa lugha, na Odeta akamkumbatia mtoto kwa nguvu zake zote, lakini kila sauti ya mtoni ilipoita "Mama", Winnie alizidi kuwa mwepesi mikononi, kwanza kama tenga tupu, kisha kama shuka lililokaukia kambani, mpaka Odeta akawa hamshiki tena asidondoke bali anamshika asipeperuke.

"Wewe ni mtu wa Magu," Odeta alisema, machozi yanamtiririka. "Kwenu hufanyaje? Sema, mama Winnie! Huyu anakwisha!"

"Hurudishwa ukubwa," Bernadeta alinong'ona. "Uliyempokea shikamoo, unampigia magoti mbele ya watu, unamwamkia wewe. Unakuwa mdogo wake."

"Basi fanya!"

"Nimpigie magoti pepo? Magoti yangu ni ya Mungu peke yake."

Alilisema vizuri sana. Ila Mungu, anayeona ndani ya mifupa, aliona kwamba magoti yale hayakuwa yanaogopa dhambi. Yalikuwa yanaogopa macho ya Odeta.

Akajikunja kidogo tu, nusu, kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. "Shikamoo," alitupa, kama unavyomtupia mbwa mfupa.

"Mama, usinitanie," jabali lilisema.

Kope za Winnie ziliacha kupepesa.

Ndipo mwenyekiti akaanguka kwenye tope, magoti yote mawili, kitenge cha umoja kikalowa mpaka kiunoni, mbele ya waliounguza wali, mbele ya muuza dagaa, akainamisha kichwa mpaka maji yakamgusa paji. "Shikamoo," alilia. "Shikamoo, mkubwa wangu."

Na sauti iliyojibu haikuwa tena ya mtoto. Ilikuwa nzee, pana, ya kuridhika.

"Marahaba."

Winnie akawa mzito ghafla, akamwangusha Odeta chali. "Mama!" alipiga ukelele, akamrukia Bernadeta shingoni, na akina mama wakapiga vigelegele huku wanang'oa mahema bila hata kuyakunja.

Lakini Bernadeta hakunyanyuka. Mdogo aliyepiga magoti hanyanyuki mpaka mkubwa amalize salamu, na salamu za watu wa kule ni ndefu. Yeye peke yake ndiye aliyesikia. *Umeamkaje, mwanangu? Nyumbani hawajambo? Mvua mmepata?* Na alijibu, moja baada ya nyingine, mpaka ukungu ukaisha juu ya maji.

Waliporudi Nyakato, mchungaji alimpaka mafuta, wakafunga, wakaomba. Haikusaidia. Jua likishuka, popote alipo, magoti yanakunjika. Yalimkunjikia ndani ya duka la vitenge. Yalimkunjikia katikati ya kikao cha umoja, akiwa anamgombeza katibu, na akina mama wakamtazama akijibu hewa, "Hawajambo. Nzuri. Tumepata." Mwenyekiti mpya alichaguliwa wiki hiyo hiyo, kwa furaha ambayo hakuna aliyejisumbua kuificha. Odeta peke yake ndiye bado huja kumtazama, na Bernadeta siku hizi humkaribisha kiti.

Jioni moja alikuwa jikoni anamenya viazi, kisu kikamtoka, akashuka sakafuni.

*Nyumba haijambo?*

"Haijambo, mkubwa wangu."

*Na yule binti yako, Winnie?*

Sauti haikuwahi kuuliza hilo. Bernadeta hakuwahi kumdanganya mkubwa maishani mwake, ila mtoto hakuwa tayari kumtoa tena.

"Winnie hayupo," alisema. "Alihama. Hakai tena hapa."

Mlango wa jikoni ukasukumwa.

"Mama, mbona unasema nimehama?" Winnie aliuliza, na mkubwa alikuwa bado anasikiliza. "Si nipo hapa?"