Kiu ya Babu Masalu

Ndugu zangu wa Kalangalala, nisikilizeni, maana wengi wenu mlikuwepo siku ile na mlikunywa. Hata mimi nilikunywa.

Masalu, fundi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, alifika miaka ishirini na tisa bila kuonja pombe. Jioni alikaa uani na mkewe Juliana wakimenya viazi na kutaniana. Mama yake, Sesilia, aliwatazama akifurahi. Mama huyu alikuwa amemzika baba mkwe, kisha mume, na watoto aliwaambia wote wawili waliuawa na ugonjwa wa tumbo.

Kisha Masalu akaanza kumwota babu yake, yule aliyerithishwa jina lake. Ndugu wakaenda kwa mfumu, mganga wa jadi. Jibu likaja kwamba babu ana kiu, na mwenye jina lake lazima anywe kwa niaba yake. Ikapikwa pombe ya mtama. Nyingine ikamwagwa chini, kibuyu kizima akapewa Masalu. Sesilia alisimama pale pale, akanyamaza. Sisi tulikunywa tukarudi makwetu. Masalu alirudi asubuhi kuulizia iliyobaki.

"Babu bado ana kiu," alisema, nasi tukacheka.

Mwezi wa pili tangu siku ile akahamia kwenye gongo, pombe kali ya kienyeji. Hakutulia tena. Akikaa anainuka, akienda anarudi, mikono inatetemeka mpaka apate ya kuzimua. Juliana, akiwa na mimba ya miezi saba, akamwendea mama mkwe.

"Shikamoo mama. Mwambie aache, wewe anakusikiliza."

"Marahaba. Hayo ni ya babu yake, yatapita."

Nikikumbuka jibu hilo hasira zinanipanda mpaka leo. Hayakupita. Ijumaa moja alikwenda kazini amelewa, mkanda wa karasha ukamvuta mkono wa kulia. Vidole vitatu vikakatwa.

Wodini muuguzi akauliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyeshindwa na pombe. Sesilia akainama.

"Baba yake. Na babu yake. Na shemeji yangu Maduhu."

Muuguzi akatueleza kwamba wapo wanaozaliwa na mwili mwepesi wa kunaswa na pombe, na wepesi huo hurithiwa kama kimo. Akasema kurithi si kuhukumiwa, wengi wa koo hizo hawalewi maisha yao yote, na aliyenaswa hutibiwa.

Masalu alimgeukia mama yake.

"Ulijua?"

"Nilijua, mwanangu. Niliona aibu."

"Ungeniambia, mama, nisingeonja."



Sasa ni mwezi wa tano Masalu yuko kwenye matibabu, hajanywa, ingawa siku nyingine anazunguka uani mpaka jasho linamtoka. Juliana amejifungua wa kiume. Ndugu walipokuja kumpa mtoto jina, Sesilia alisimama mbele ya wote akiwa amembeba, akasimulia alivyokufa mume wake, bila kuficha hata kwamba alikuwa akijikojolea kitandani kwa ulevi.

FUNZO

Ulevi unaweza kutembea katika damu ya ukoo. Waambieni watoto wenu ukweli kuhusu waliokufa, mapema, kabla ya kikombe cha kwanza. Anayetetemeka mpelekeni hospitali, msimwongezee kibuyu. Na sisi majirani tuliocheka, tuache kucheka.