Aliyemvua Nguo Raya Mtandaoni

Raya ni binti wa Ahmadi bin Stambuli bin Sufiani, na kwa upande wa mama ni mjukuu wa Bibi Mwaisha wa Matombo. Hawa ni watu ambao majina yao hayajapata kutajwa kwa aibu katika baraza lolote. Kwa hiyo, alipoifungua simu yake jioni ile nyumbani Msamvu, aliiona aibu ya ukoo mzima.

Alikuwa amechora katuni ya diwani ameshika kipaza sauti, huku vijana wake wakiwatukana wanawake mtandaoni. Akaunti iitwayo Kinywa Wazi ilimjibu kwa kuubandika uso wake juu ya mwili wa mwanamke aliye uchi. Chini yake paliandikwa maneno ambayo Raya aliyasoma mara mbili.

Mjomba Nasibu alikuwa sebuleni akinywa chai na Hafidhi, mchumba wa Raya. Raya akawaendea, simu mkononi.

—Mpenzi, ziache hizo katuni, alisema Hafidhi kwa upole. Zitakuvunjia heshima.

—Hafidhi, siku ya posa mjomba alikujibu mkiwa wawili tu. Umemweleza yeyote alichokujibu?

—Siri ya posa niitoe? Wallahi, hata mama yangu hajui!

—Nawe mjomba?

—Jibu la posa ni la mjomba na mwoaji, mwanangu. Hata mama yako hajanisikia nikilitaja.

Raya akawasomea maneno yaliyo chini ya picha:

“Malaya wa kalamu! Mjomba wako kaweka sharti usizuiwe kuchora. Nani ataoa kero hiyo?”

Mjomba Nasibu alimgeukia Hafidhi. Kikombe kilimponyoka Hafidhi.

—Kumbe ni wewe! Raya alinong’ona.

—Diwani aliniahidi kazi… Nilitaka uogope tu, uache. Nakupenda, Raya!

—Unanipenda, ukanivua nguo mbele ya mji mzima?

—Mjomba, tafadhali, tuyamalize kifamilia, Hafidhi alisihi.

—Umemtukana hadharani, utamwomba radhi hadharani, kwa jina alilokupa baba yako. Kisha tunakwenda polisi. Posa yako nairudisha.

Hafidhi aliandika mtandaoni: “Mimi, Hafidhi, ndiye Kinywa Wazi. Picha ile niliitengeneza mimi. Raya, nisamehe.”

Raya aliyasoma, akavua pete na kuiweka mezani.

—Nimesoma. Nenda.

Nanyi vijana mnaosoma haya, sikilizeni: lile msiloweza kumtamkia binti wa watu mbele ya wazazi wake, msiliandike. Futeni mliyoandika, mkaombe radhi leo hii!