Nukta Kwenye Mikoko ya Moa

"Chai itamwagika."

Sauti ya Robert, mkuu wake, ilikuwa kavu simuni, kama kawaida yake. Wanu alikuwa amechuchumaa kando ya Barabara ya Nane, Ngamiani, ameelekeza maikrofoni yake ya Rode kwenye kengele ya baiskeli ya muuza maandazi.

"Itamwagika wapi?"

"Moa. Leo alasiri."

"Kikombe cha nani?"

 

"Cha Ame."

Wanu akasimama. Muuza maandazi akauliza kama aipige tena ile kengele. Hakujibiwa.

Ame alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mzaliwa wa Wete kama yeye, askari wa doria ya pwani. Kwa miezi mitatu boti za unga wa kulevya zilikuwa zikishusha mzigo kwenye mikoko ya Moa, jirani kabisa na mpaka wa Kenya, na kila doria ilipofika ilikuta nyayo tu topeni. Wiki iliyopita mambo yakageuka. Safari hiyo wasafirishaji hawakukimbia. Walivizia, wakapiga risasi, askari mmoja akapigwa risasi ya paja.

Idara ya usalama, ya kina Wanu, ilipochimba ilikuta jambo la kuchekesha, kama si la kuliza. Askari, wakiwa wamejificha kwenye mikoko, walikuwa wakicheza Kengele.

Kengele ni mchezo wa simu, mbio za baiskeli, na Tanga nzima ilikuwa imerukwa na akili kwa ajili yake. Mchezo unakuuliza uko wapi ili ukuchoree mitaa yako mwenyewe. Kwa hiyo kila mchezaji ni nukta ndogo nyekundu kwenye ramani, na ramani iko kwenye seva za kampuni, ghorofani, Barabara ya Nane. Mle ndani mlikuwa na mtu anayewauzia wauaji nukta za askari.

"Mwambie azime simu," Wanu alisema.

"Wenzake wamezima. Yeye kajitolea kuiacha wazi. Tukizima zote, watajua tumegundua na watahamia kwingine."

"Wiki iliyopita waliifuata nukta, Robert!"

"Ndiyo maana nakupigia. Boti inaingia saa kumi. Isogeze."

Simu ikakatika.

Isogeze. Rahisi kusema ukiwa Dar, kwenye kiti cha ngozi. Mtu mmoja tu alikuwa na uwezo wa kusogeza nukta, naye ni Ernesti, mlinzi wa seva. Kama Ernesti ndiye mwizi, kumwomba msaada ni kumchimbia Ame kaburi kwa mkono wake mwenyewe. Wanu aliogopa. 

Akapanda ngazi.

Alikuwa na siku tano pale, kwa jina la fundi wa sauti kutoka visiwani. Siku ya kwanza alikabidhiwa simu ya ofisi, Tecno mpya, kama mfanyakazi yeyote. Ndani yake mlikuwa na kibodi iitwayo Pwani, na wafanyakazi waliipenda kupita kiasi. Ukiandika "shika" tu, inakumalizia salamu yote: shikamoo, habari za huko, wajionaje, watoto hawajambo. Kibodi yenye adabu.

Wanu akajiuliza swali moja. Kibodi ya kuandikia salamu inataka intaneti ya nini?

Maana kibodi huona kila herufi kabla ujumbe haujafungwa. Funga WhatsApp kwa kufuli saba, yeye keshasoma. Kwenye simu yake mwenyewe ya Pixel Wanu alitumia HeliBoard, ya bure, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mwenye macho, nayo haiombi intaneti hata kidogo. Hiyo hata ikijua siri zako haina mdomo wa kuzisemea. Pwani ilikuwa na mdomo mpana, na kwa mdomo huo nywila za seva zilikuwa zimetoka.

Nani aliitia kwenye simu? Ernesti ndiye anayeziwasha. Nasra wa huduma kwa wachezaji ndiye anayezitunza kabatini. Mzee Masoud, meneja wa wafanyakazi, ndiye anayezigawa.

Nasra alikuwa na tabia ya kunong'ona na simu kwenye ngazi. Masoud alikuwa mtu wa watu, asiyekosa harusi wala mazishi, anayejua nani kajifungua na mama wa nani kalazwa hospitali ya Bombo. Na Ernesti? Ernesti, kijana wa Lushoto, hufunga kompyuta yake kila mtu anapopita. Hali chakula na wenzake. Hacheki.

Wanu alimshuku huyo kuliko wote.

Jana alikuwa ametega. Kwenye simu ya ofisi aliandika nywila ya uongo, yenye kutamanisha, akaiacha. Hakuna aliyeigusa. Mwizi huyu hakuwa na pupa.

Sasa alikaa mezani, akaitazama Tecno. Alikuwa na asubuhi moja tu. Akawaza kuhusu watu wa pwani, watu wake, na jambo ambalo hakuna hata mmoja wao anayeweza kujizuia kulifanya. Akaandika taratibu:

"Baba mdogo Shekhe amefariki alfajiri hii Wete. Bado sijamwambia mtu."

Kisha akafuta, herufi baada ya herufi, mpaka ukurasa ukawa mweupe. Hakutuma popote. Hakumwambia mtu. Wala hakuwa na baba mdogo aitwaye Shekhe.

"Astaghfirullah," alijisemea. Alikuwa amemuua mtu kwa kidole, hata kama hakuwahi kuwepo.

Akangoja.

Nasra akapita na kanga begani. "Dada Wanu, wataka wali wa nazi au chapati leo?"

"Wali."

"Na samaki?"

"Na samaki."

Nasra akaenda zake akiimba. Anayejua umefiwa hakuulizi habari za samaki.

Ernesti akapita. Wanu akamwangalia usoni bila kupepesa.

"Habari za asubuhi, kaka Ernesti?"

"Nzuri," akasema, akaenda kufunga kompyuta yake.

Hilo halikumsafisha. Bubu hatoi pole. Adhana ya Ijumaa ikasikika kutoka kila upande wa Ngamiani, wanaume wakashuka, ofisi ikabaki na vumbi na feni. Wali ulikuja, ukapoa mezani. Kule Moa Ame alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, simu yake ikiita kifo chake.

Saa tisa wanaume wakarudi.

Mzee Masoud hakwenda kwenye meza yake. Alikuja moja kwa moja kwa Wanu, kanzu nyeupe imenyooka, mkono kifuani, macho yamemlegea kwa huruma.

"Wanu, mwanangu. Pole. Pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee Shekhe."



"Ahsante, mzee wangu," alisema, na sauti haikutetemeka, kazi ya miaka. "Umepata wapi habari?"

"Aa! Habari ya msiba yakaa? Tanga hii? We nenda kwenu ukazike, kazi utaikuta. N'tamwambia bosi mimi mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Mbele yake, nyuma yetu. Ndiyo dunia."

Akaondoka polepole, kama mtu aliyetimiza wajibu.

Kibodi ilimpelekea herufi. Haikumwambia kama zilitumwa au zilifutwa. Masoud alidhani mji mzima unajua. Aliyeweza kukaa kimya miezi mitatu juu ya wizi alishindwa kukaa kimya siku moja juu ya msiba.

Wanu akaingia chumba cha seva, akaufunga mlango nyuma yake.

"Kaka Ernesti, nina mdogo wangu kwenye ramani yako."

Akaweka kitambulisho chake cha Idara mezani. Ernesti akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Una hati ya mahakama?"

"Sina."

"Basi mimi data za wachezaji sikupi. Mzee Masoud kaniomba, n'kamkatalia. Na wewe n'takukatalia vilevile."

Wanu nusura amkumbatie. "Ndiyo maana wafunga kompyuta kila nikipita?"

"Nafunga kwa kila mtu. Ndiyo kazi yangu."

"Uliwahi kuingia kwenye seva kwa simu ya ofisi?"

Ernesti akafikiri. Rangi ikambadilika. "Harusi ya binamu. Lushoto. Seva zilizima, n'kaingilia kwa ile Tecno." Akashika kichwa. "Yesu wangu. Kibodi."

"Sitaki unioneshe kitu chochote. Nataka umdanganye mwizi. Hii ndiyo namba ya mdogo wangu. Yuko mkono wa bahari wa kusini. Mpeleke kaskazini, mpakani kabisa. Wakimwona kule, wataingia kusini, na kusini ndiko wenzake walikolala."

Ernesti akatazama saa ukutani. Tisa na nusu ilishapita.

"Mchezaji mwenyewe karidhia?"

"Karidhia."

Vidole vikakimbia.

Nukta ikaruka.

Wala haukupita muda, mlango ukafunguka. Mzee Masoud alisimama kizingitini, simu mkononi, ramani ileile aliyowaunganishia wasafirishaji imewaka kwenye kioo.

"Ernesti, mbona nukta ya..." Akakomea hapo. Akamwona Wanu. Akakiona kitambulisho.

Mtu anayejua misiba yote ya Tanga hahitaji kuelezwa mara mbili. Akageuka, akakimbia.

Wanu akavuta begi la maikrofoni, akabonyeza kitufe ubavuni. Ndani mlikuwa na mtambo mdogo wa kuziba mawimbi ya simu. Ulikuwa na nguvu, ila mkono wake mfupi. Masoud akiwa karibu, simu yake ni kipande cha plastiki. Akifika mbali, simu moja tu, na boti itajua.

Asimpoteze. Basi.

Masoud akachukua baiskeli mlangoni. Wanu akaichomoa iliyokuwa karibu.

"Baiskeli yangu hiyo!" Nasra alipiga kelele dirishani.

"Naazima!"

Barabara ya Tisa. Ya Kumi. Mzee alikuwa na miguu, mtu asingedhani. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine na simu sikioni, akiitazama, akiirudisha sikioni, akilaani. Begi la Wanu lilidunda kwenye kikapu. Pengo likaanza kufunguka. Mkokoteni wa nazi ukakata njia, Wanu akapanda ukingo, akashuka, akakanyaga mpaka mapaja yakawaka.

Kitako cha bastola kiunoni hakikumsumbua. Alimfikiria Ame tu. Ame wa miaka sita, ambaye yeye alikuwa akimbeba mgongoni kwenda chuo cha Kurani. Kanyaga, Wanu.

Mbele njia ilikuwa imefunguka kuelekea Mabawa, pana, haina mtu. Pale angempoteza.

Kumbe kanzu ya Ijumaa haikushonewa mbio. Pindo likaingia kwenye mnyororo. Baiskeli ikagoma, mzee akaruka juu ya usukani, simu ikateleza mpaka mtaroni.

Wanu akaikanyaga ile simu. Glock ikatoka, ikakaa ubavuni mwa paja, chini chini, wasiione watoto.

"Tulia, mzee."

Watu wakajaa. Wa Tanga, usiwape Ijumaa na mtu mzima aliyeanguka.

"We mwanamke! Wamwangusha mzee wa watu?"

"Mzee Masoud huyo! Kamzika mama yangu huyo!"

"Shikamooni, wazee wangu," Wanu alisema bila kuondoa macho kwa Masoud. "Ni mambo ya ofisini. Yatakwisha."

Land Cruiser ya Idara, aliyoiita kwa redio njiani, ikafika, vijana wawili wakashuka, pingu zikalia. Umati ukarudi nyuma. Wanu alizima mtambo, akashika redio yake ya Motorola.

Saa kumi. Saa kumi na kidogo.

"Mnara kwa Karafuu." Ni Robert.

"Karafuu nakusikia."

"Boti imeingia kusini. Watu wote mikononi. Hakuna risasi."

"Kikombe?"

"Kizima. Kinalalamika njaa."

 Akakaa kwenye ukingo wa barabara, mbele ya Ngamiani nzima, akacheka huku machozi yakimtoka, na hakuona haya.

"Jambo lingine," Robert alisema, na safari hii sauti yake haikuwa kavu. "Ile namba ya ndugu wa karibu uliyowapa ofisini ni yangu. Saa tisa na dakika chache kanipigia mtu. Masoud."

"Kasemaje?"

"Kanipa pole. Kauliza mwazika saa ngapi. Wanu, alilia. Nimesikia watu wengi wakiigiza. Huyu alilia."

Wanu akarudisha redio kiunoni. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaenda kwenye dirisha la gari. Masoud alikuwa amekaa wima, pingu mapajani, kanzu imejaa mafuta ya mnyororo.

"Mzee, umemlilia baba mdogo wangu."

"Mtu akifiwa, mwanangu, hata kama..."

"Na yule askari wa Moa? Angekufa leo, ungemlilia?"

Masoud akafikiri. Hakuwa akidanganya. Alikuwa akitafuta jibu la kweli.

"Yule simjui kwao," alisema.

"Kwao ni kwetu. Ni mdogo wangu."

Uso wa mzee ukaporomoka. Midomo ikafunguka, na lile neno lake, pole, likaja mpaka kwenye ulimi.

Wanu hakulingoja. Alipanda baiskeli ya Nasra, akaondoka.