Bango Lililorudishwa

Soko la Jumatatu la Fontenera halina pa kukanyaga. Siku hiyo ya Septemba, Loredana alikuwa nyuma ya meza yake ya mapazia, gauni la kijani limekunjwa mikono, sindano zimechomekwa kifuani, akibishana na bibi mmoja aliyetaka kupunguziwa bei mpaka mtu aone haya. Ndipo akapenya kijana mrefu mwenye ovaroli ya fundi wa mafriji, akaweka kiganja juu ya jora la kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, akauliza kama yapo mengine.

"Yapo. Dirisha lako lina upana gani?"

"Sina dirisha. Nataka majora yote uliyonayo ya rangi hii, na meupe kiasi hichohicho."

Loredana alimpima kwa macho toka viatu hadi nywele. "Kaka, umehamia ikulu?"

"Ni jukwaa la kusini la uwanja wa mpira," akasema, wala hakucheka. "Mwaka huu tunapanda daraja. Siku hiyo nataka jukwaa zima lifunikwe, watu wote wawe chini ya kitambaa."

"Na nani atakushonea shuka la watu elfu saba?"

"Ndilo nililokuja kuuliza."

Aliitwa Donato. Angeweza kubeba majora yote siku ileile, lakini akachukua moja tu ili Jumatatu inayofuata awe na sababu ya kurudi. Akarudi hiyo, akarudi na nyingine, mpaka baridi ikaingia na bibi wa kupunguziwa bei akaanza kuwauliza harusi lini.

Kufikia Krismasi walikuwa wanashona pamoja sakafuni katika ghala la zamani la tumbaku. Loredana kwenye cherehani, Donato akitambaa kwa magoti ameshika pindo, vumbi limemjaa nywele.

"Mshono umepinda, fundi."

"Yamepinda macho yako. Shika hapo unyamaze."

"Nikinyamaza utaniambia unanipenda?"

"Nitakuambia ushike na huku."

Kuna jambo Loredana alimweleza mapema, kwa sababu hakutaka lije kumlipukia usoni. Yeye si wa Fontenera. Ni wa Serracupa, mji wa ng'ambo ya bonde, ambao mashabiki wake na wa Fontenera hawawezi kukutana hata kwenye kituo cha mafuta bila damu kumwagika. Tena kaka yake, Nunzio, ndiye kiongozi wa kundi la mashabiki la huko. Donato alicheka, akamwambia haoi ramani, anamtaka yeye. Ila akamwomba asimwambie mzee Saverio, mkuu wa kundi lao, maana mzee ana moyo dhaifu na ulimi mkali.

Mpira wenyewe Loredana hakuujali. Wanaume wanatoka jasho, wanaangukiana, basi. Lakini siku ya kwanza Donato alipompeleka jukwaani, ngoma zilipoanza na sauti za watu zikampanda toka nyayo mpaka kooni, moshi mwekundu ukawafunika na wazee wakawa wanakumbatiana na watu wasiowajua, alijikuta anaimba maneno asiyoyajua. Alirudi nyumbani hana sauti. Tangu siku hiyo hakukosa.

Mbele ya jukwaa, juu ya waya, ndipo lilipokuwa linafungwa Bango. Lilikuwa shuka kuukuu za vitanda, zilizounganishwa na akina mama wa mtaa enzi za marehemu baba yake Donato, zimeandikwa kwa rangi ya kupaka milango: MNARA MKONGWE. Hilo ndilo jina la kundi. Baba yake alilitunza mpaka akafa, sasa analitunza yeye, na kila siku isiyo ya mechi hulala chini ya kitanda chake.

"Kumbe una mke mkubwa," Loredana alimtania siku moja.

"Usicheze nalo hilo."

"Na likiibiwa?"

"Kundi linavunjwa. Siku hiyohiyo. Ngoma chini, jina halitajwi tena."

"Kwa shuka kuukuu?"

"Kwa shuka kuukuu," akasema, na mzaha haukuwemo.

Loredana alicheka, akambusu. Angeuliza swali moja zaidi, angeuliza likiibiwa hurudishwaje, leo ningekuwa nawasimulia habari ya harusi. Hakuuliza, na Donato hakusema, kwa kuwa pale Fontenera hata mtoto wa chekechea analijua jibu.

Mei ikafika. Ilibaki mechi moja, nyumbani, siku ya Jumapili. Wakishinda wanapanda. Jumamosi asubuhi kundi lilikwenda uwanjani kulijaribu lile shuka kubwa na kufunga Bango mahali pake waone litakavyokaa. Donato alikuwa amealikwa chakula cha mchana kwa Loredana, na Loredana, kwa furaha ya kupika kwa mara ya kwanza kama mwenye nyumba, alimpigia mama yake asubuhi kumwuliza unga wa panzerotti, zile sambusa za nyanya na jibini, anaukandaje. Kisha akampigia Donato.

"Uko wapi?"

"Ndiyo natoka uwanjani. Nipeleke Bango nyumbani, halafu nije."

"Panzerotti zinapoa. Utazitafuna kama soli."

"Dakika kumi, roho yangu."

"Dakika zako kumi nazijua, zina mchana mzima ndani. Njoo moja kwa moja. Nani atakuibia shuka jua la utosi?"

Alikuja moja kwa moja. Akala, akasifu, akajimwagia nyanya kwenye shati, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Aliposhuka kuchukua sigara, kioo cha gari kilikuwa chini kama chumvi na buti liko wazi.

Alipanda ngazi rangi imemtoka usoni.

"Ulimwambia nani nakuja hapa?"

"Sijamwambia mtu."

"Nunzio?"

"Sijasema na Nunzio tangu Pasaka. Donato, kuna nini?"

"Ni watu wenu, Lore."

"Wenu?" Neno lilimchoma. Miezi yote ile hakuwahi kumwita hivyo. "Watu wangu ni akina nani?"

Donato aliokota ufunguo wa gari. Alitoka, na simu yake ikazimwa.

Habari aliyoipata baadaye aliletewa na Graziella, mke wa mpiga ngoma, aliyekuja mbio na kandambili za nyumbani. Limebaki tumaini moja, alisema. Serracupa bado hawajatoa picha ya kujionyesha nalo. Bango likitwaliwa kwa nguvu kabla ya mechi, heshima imerudi, kundi limesimama. Mzee Saverio ameshatoa amri, vijana wanakwenda jioni na virungu na vyuma, na Donato ndiye atakayetangulia, kwa kuwa ndiye aliyelipoteza.

Katika yote hayo Loredana alisikia virungu na vyuma tu, maana aliwajua wa kwao. Mwaka uliopita walimtoa mtu jicho kwa ajili ya skafu. Alipiga simu mpaka kidole kikauma, haipatikani. Akavua aproni, akakimbilia basi la saa tisa.

Nunzio alikuwa kibarazani kwenye mgahawa wa uwanja wa kanisa, amekaa na wenzake. Alipomwona dada yake hakushangaa hata kidogo.

"Nani alikuambia Donato yuko kwangu?" Loredana akauliza.

"Mama. Maskini, alifurahi. Eti Lore leo anampikia mchumba wake, nikwambie usizidishe chumvi."

Loredana alishika kiti. Alimwambia Donato hajamwambia mtu, na kweli aliamini. Nani humhesabu mama yake kuwa mtu?

"Nipe, Nunzio," akasema. "Wanakuja leo. Mtauana kwa kitu cha kufunika godoro. Nakuomba. Nakuomba kwa jina la mama."

Nunzio aliwatazama wenzake, akavuta sigara, kisha akatabasamu. Tabasamu lile Loredana alilijua toka utotoni, lilikuja kila mara kabla ya kusukumwa mtoni. Lakini alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hasomi nyuso. Kaka mtu aliingia ndani, akarudi na Bango limekunjwa vizuri, akampa kwa mikono miwili.

"Mpelekee shemeji. Mwambie Serracupa hatuna hiana."

Mmoja wao aliinua simu. Loredana akasema asante. Hilo asante ndilo lililokuja kumkosesha raha kuliko yote.

Njiani alimpigia Graziella awazuie vijana, waambiwe Bango limepatikana. Hawakwenda. Hakuna aliyevunjika hata ukucha, na usiku ule Loredana alilala usingizi wa mtoto, Bango likiwa chini ya kitanda chake.

Jumapili mchana, nje ya jukwaa la kusini, alimwona Donato anamjia akipasua watu, skafu ya damu ya mzee shingoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimkumbatia mbele ya kundi zima, akambusu kipaji cha uso.

"Nilikukosea jana. Nilisema neno baya. Nisamehe, roho yangu." Akafungua mfuko aliobeba Loredana, akaigusa ile shuka kama mtu anayemgusa mgonjwa aliyepona. "Nani aliwapokonya? Ndugu zake Graziella?"

"Mimi."

"Wewe? Ulivunja wapi?"

"Sikuvunja. Nilimwomba Nunzio, akanipa."

Mikono ya Donato ilibaki ndani ya mfuko. Waliokuwa wanaimba karibu yao walinyamaza, kisha na wa nyuma yao. Mzee Saverio alisogea na simu yake, wala hakumpa mtu, aliwaonyesha tu. Picha ilikuwa imekwisha kutoka. Loredana amepokea Bango kwa mikono miwili, mdomo uko wazi kwenye asante, nyuma yake wanaume wanashikilia mbavu kwa kicheko. Chini imeandikwa: Mnara Mkongwe wametuma mwanamke aje kuomba.

"Binti," mzee akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "lingebaki kwao, tungevunja kundi watu wakitulilia. Sasa tunalivunja wakitucheka."

Waliingia uwanjani bila kulifunga. Timu zilipotoka, lile shuka kubwa lilipanda, damu ya mzee na nyeupe, likawafunika watu elfu saba toka waya mpaka paa, na uwanja mzima ukapiga makofi. Chini yake, gizani, ngoma zilipigwa kama zinavunjwa. Hawakunyamaza hata dakika moja. Waliimba kwa hasira, waliimba wakilia, na waliokaa majukwaa mengine wakasema hawajawahi kuona Fontenera inashangiliwa namna ile. Loredana alisimama karibu na waya. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyempisha.

Goli liliingia kwa kichwa, kwenye kona, mwisho mwisho. Refa alipopuliza filimbi watu walimiminika uwanjani, wakang'oa nyasi, wakabeba wachezaji wakiwa na soksi tu. Fontenera imepanda daraja baada ya kizazi kizima. Na palepale, katikati ya kelele hizo, Mnara Mkongwe walishusha ngoma zao mmoja mmoja, wakazilaza ngozi chini. Saverio alifungua skafu yake, akaifunga kwenye waya, akaondoka bila kugeuka. Wengine wakamfuata.

Donato alimkuta kwenye ngazi za kanisa, mji mzima unapiga honi, vijana wamo ndani ya chemchemi na nguo zao.

Loredana alianza yeye. "Nilimwambia mama. Ndivyo Nunzio alivyojua. Sikukudanganya, sikujua."

"Hilo nimeshasamehe. Mtu hamfichi mama yake."

"Basi twende nyumbani."

"Hili jingine siwezi, Lore."

"Wangekuua."

"Huenda. Ningekufa na tai shingoni."

"Na mimi ningebaki na nani?"

Donato alifuta uso kwa kiganja. "Nakupenda, usidhani sikupendi. Lakini nikikutazama naiona ile picha. Sasa hivi nakutazama, naiona. Nikitembea na wewe mtaani kila mtu ataiona. Nitaanza kukuchukia kidogo kidogo, na sitaki kukuchukia."

"Kwa hiyo ningekuwa nimekuuza, ungenisamehe," Loredana akasema polepole. "Nimekuokoa, huwezi."

Palepale walikuja vijana wa mtaani, wamelewa furaha, wakamwinua Donato mabegani wakiimba jina la timu. Hawakujua lolote la Bango, au walijua na leo halikuwa na maana kwao. Walimbeba kuelekea chemchemi, skafu yake inaburuta mgongoni. Loredana alimtazama mpaka moshi ukamfunika. Donato hakujaribu kushuka.

Machozi yalimtoka palepale, hakuyaficha. Mama mmoja mnene aliyejifunga bendera kiunoni kama kanga alimwona, akamjia mikono wazi, akamvuta kifuani. Alinuka pombe ya anisi na jasho.

"Lia, mwanangu, lia," akamwambia sikioni. "Nani asiyelia leo? Tumengoja sana. Si ni furaha?"

"Ni furaha, mama," Loredana akasema.

Yule mama akambusu mashavu yote mawili, akampa kipande cha bendera ajifutie, akaenda kumkumbatia mwingine.