Nilikuwa Nyuma ya Mwizi

Kila asubuhi nilimpitia binamu yangu wa kike kwao tuongozane kwenda shule, na kila asubuhi nilimkuta baba yake akifunga mkanda wenye bastola. Mjomba alikuwa mlinzi wa kampuni. Baba yangu mimi alikuwa fundi viatu. Darasani hakuna aliyewahi kuniuliza habari za gundi na sindano. Wote walimzunguka binamu: "Eti baba yako hulala na bastola?" Naye alijishebedua, mabega juu. Sitaficha, nilimwonea kijicho.

Jumamosi moja Mama alinituma mkate. Dukani nilimkuta Mjomba kwenye foleni, ametoka kazini. Nilikuwa nimeinama kwenye rafu, kando ya kaunta, alipoingia mwanamume mwenye kisu. Alimkaba muuza mikate, akadai pesa. Nikabanwa kati ya rafu na mgongo wa mwizi, sina pa kutokea. Mkono wa Mjomba ulienda kiunoni. Kisha macho yake yakakutana na yangu, na mkono ukarudi.

"Mpe, ndugu yangu," alimwambia muuza mikate. Kisha akamwambia mwizi polepole, "Chukua, nenda zako. Hakuna atakayekugusa."

Mwizi akazoa pesa, akaruka juu ya pikipiki. Mjomba alisoma namba zake, akawapigia polisi simu.

Majirani hawakujali namba. "Bastola yenyewe ya nini, pambo?" walisema. Niliyasikia, nikafurahi. Jumatatu nikawaambia wenzangu, "Mimi nilikuwa nje, mlangoni. Niliona yote. Mjomba alitetemeka kama kuku aliyenyeshewa!"

Darasa zima liliangua kicheko. Binamu alilaza kichwa juu ya dawati, na siku iliyofuata hakuja shule. Kwa mara ya kwanza wote walinizunguka mimi.

Alhamisi jioni, tukila, Mama aliweka kijiko chini.

"Kaka yangu ameitwa na bosi wake kesho. Watamfukuza kwa woga. Eti kuna mtoto aliona."

Nilimfikiria Mjomba bila kazi, nikaona aibu kubwa kuliko kijicho changu.

"Mama, mtoto huyo ni mimi. Na sikuwa nje. Nilikuwa nyuma ya mwizi."

Mama hakunipiga. Alinishika mkono, tukaenda kwa Mjomba vile vile, hata vyombo hatukutoa. Huko nilirudia yote, machozi na makamasi pamoja.

"Kaka, mbona hukuniambia?" Mama aliuliza.

"Ningekwambia, ungelala?"

Binamu alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atanitukana.

"Unanionea wivu kwa lipi?" alisema. "Baba yako hula nanyi kila siku. Wangu akichelewa kidogo tu, mimi na mama hatumezi kitu."

Nilimwomba radhi, akageuka akaenda zake ndani. Hakunisamehe usiku ule, na alikuwa na haki.

Kesho yake nilisimama mbele ya bosi, kisha mbele ya darasa, nikasema nilipokuwa nimesimama hasa. Darasani ilikuwa vigumu zaidi. Bosi alimwacha Mjomba kazini, na wiki hiyo hiyo polisi wakamkamata mwizi kwa zile namba za pikipiki.

Jumapili nilimwuliza Mjomba, "Kama nisingekuwepo, ungempiga risasi?"

Alifikiri kwanza.

"Pengine bado nisingefyatua. Mle ndani mlikuwa na watu, na risasi ikishatoka hairudi kuuliza njia. Mwizi alitaka pesa, akapewa, na sote tukatoka tukiwa hai. Kuwa na silaha si sababu ya kuitumia." Akanitazama usoni. "Na mdomo nao ni hivyo hivyo, mpwa wangu. Mimi sikufyatua. Wewe ulifyatua, ukamlenga dada yako."

Binamu, aliyekuwa akisikiliza, alisogea kwenye benchi akaniachia nafasi.